Kabla Hujafunga Mkanda: Mwongozo kwa Anayeanza Karate au Taekwondo Rangwe

Keti kwenye steji ya bodaboda Rangwe, Asumbi au Rodi Kopany, useme tu kwamba unataka kuanza karate. Ushauri utakumiminikia kabla hata hujauliza. Mmoja atasema taekwondo ni ya mashindano, mtaani haisaidii. Mwingine ataapa kwamba kungfu ndiyo baba yao. Wa tatu atakuonya kuwa ukipata mkanda mweusi lazima ukajiandikishe polisi. Wa nne atacheka na kusema mwenye panga haulizi mkanda wa mtu. Sehemu ya maneno hayo ni kweli, na sehemu kubwa imetoka kwenye filamu ambazo DJ Afro amezisimulia mpaka Jet Li akawa kama kijana wa mtaa.

Mwongozo huu unayapitia maswali hayo moja baada ya jingine. Msimamo wake ni huu: mtindo ni jambo dogo, mwalimu na wenzako wa mazoezi ndio jambo kubwa. Sensei mwaminifu unayeweza kumfikia kwa baiskeli mara mbili kwa wiki atakufaa kuliko bingwa wa Nairobi unayemtazama kwenye simu.

Nichague mtindo upi?

Kila mtindo hukufanya hodari katika kile unachokirudia kila siku. Taekwondo ya mashindano hutoa pointi 1 kwa ngumi ya kifuani, 2 kwa teke la kiwiliwili na 3 kwa teke la kichwani, na teke la kuzunguka huongezewa pointi. Ngumi ya usoni hairuhusiwi. Ndiyo maana wachezaji wake wana miguu myepesi ajabu huku mikono wameishusha. Wanafuata kanuni za mchezo wao. Anayecheza judo hufundishwa kushika, kuangusha na kuanguka, wala hapigi ngumi. Bondia ana mikono miwili tu, lakini amezoea kurushiwa ngumi za usoni bila kufumba macho, jambo ambalo watu wengi wa mikanda hawajalionja. Karate ina kata, yaani mfululizo wa miondoko unaorudiwa peke yako, na ina kumite, yaani kupambana na mwenzako. Klabu moja hugusa tu, nyingine hupiga kwelikweli.

Wala usidhani kwamba kushindana kwa mwili tumeletewa kutoka Japani na Korea. Wajaluo walikuwa na mieleka yao, olengo, na kijana aliyewaangusha wenzake alijulikana hadi vijiji vya mbali. Ukimwambia mzee wa Kochia au Kagan kwamba unajifunza kuangusha mtu, hutakuwa umemletea jambo geni.

Basi chagua kwa kufuata mambo matatu: umbali, ratiba na nauli. Klabu iliyo mbali utaikimbia msimu wa mvua, wakati udongo mweusi unaponata kwenye viatu na bodaboda wanapandisha bei. Kama hakuna klabu karibu nawe, uliza katika shule za sekondari na vyuo, uliza ofisi ya michezo ya kaunti, kisha angalia Homa Bay mjini na Kisii. Usiviruke vyuo. Faith Ogallo, aliyeiwakilisha Kenya katika taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, na kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa mpira wa vikapu. Hakuwa ameanza utotoni wala hakuzaliwa Seoul.

Nitamjuaje mwalimu wa kweli?

Nenda utazame darasa zima kabla ya kulipa hata shilingi. Mwalimu anayekataa wageni wasitazame, mwache. Ukiwa umeketi pembeni, usishangilie mateke ya juu. Tazama mambo haya.

Tazama mkubwa anavyocheza na mdogo. Mwenye mkanda wa kahawia akimpiga mgeni wa mkanda mweupe hadi akalia, na mwalimu akacheka, umeshajua utakachofanyiwa wiki ijayo. Katika klabu nzuri mkubwa hupunguza nguvu bila kuambiwa.

Tazama kinachotokea mtu anapogonga. Katika judo na mitindo yote ya kukaba, aliyeshikwa hugonga sakafu au mwili wa mwenzake mara mbili, maana yake ameshindwa. Mshikaji anapaswa kuachia papo hapo. Akichelewa kidogo tu ili aonekane bingwa, na mwalimu asimkemee, ondoka.

Tazama mwalimu anavyopokea swali. “Kwa nini mguu wa nyuma tunauweka hivi?” ni swali zuri. Jibu linaweza kuwa fupi, hata “utaelewa ukifika mbele,” lakini lisiwe matusi wala adhabu ya kupiga push-up.

Kisha uliza juu ya karatasi. Cheti cha dan, yaani daraja la mkanda mweusi, kina taasisi iliyokitoa; kwa taekwondo ya Olimpiki taasisi hiyo kwa kawaida ni Kukkiwon ya Seoul, iliyojengwa mwaka 1972. Uliza klabu iko chini ya chama gani, na kama chama hicho kimesajiliwa na Msajili wa Michezo, kama inavyotakiwa na Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Mwalimu wa kweli haoni swali hilo kuwa dharau. Uliza pia gharama zote kwa pamoja: ada ya mwezi, sare, mtihani wa mkanda, uanachama na nauli ya mashindano. Wengi huacha mazoezi kwa sababu waliambiwa ada ya mwezi tu, kisha mtihani wa mkanda ukawashukia bila habari.

Mkimbie mwalimu anayekuahidi mkanda mweusi kwa mwaka mmoja, anayekuuzia siri ya kuangusha mtu bila kumgusa, au anayekupa dawa ya kuzuia panga. Sisi tuna masimulizi ya Luanda Magere ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, na ni masimulizi matamu. Lakini hata Luanda Magere aliuawa, na wewe huna mwili wa jiwe.

Mkanda mweusi huchukua muda gani?

Ukifanya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki bila kukatiza, hesabu miaka mitatu hadi mitano, na katika klabu nyingine zaidi. Watoto wa chini ya miaka 15 katika taekwondo ya Kukkiwon hawapewi dan; hupewa daraja linaloitwa poom, na mkanda wake una rangi nyekundu na nyeusi.

Usiuabudu mkanda. Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882 mjini Tokyo, akaanza kutoa daraja za dan mwaka uliofuata. Karate iliazima utaratibu huo baadaye. Gichin Funakoshi alitoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, kwa hiyo mkanda mweusi wa karate una umri mdogo kuliko reli yetu. Ni chombo cha kupanga darasa, ili mwalimu ajue nani amefundishwa nini. Mwenye mkanda mweusi ni mtu aliyemaliza misingi, na sasa ndipo anapoanza kufundishwa kwa kina.

Na ile habari ya kujiandikisha polisi? Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mwenye mkanda mweusi apeleke mikono yake kituoni ikaandikwe kama silaha. Ni uvumi ulioenea duniani kote, nasi tumeupokea pamoja na filamu.

Je, nitaweza kujilinda?

Utaweza zaidi kuliko jana, lakini si kama kwenye sinema. Miezi sita ya mazoezi mazuri itakupa mambo matatu ya maana: pumzi ya kukimbia, uwezo wa kuanguka bila kuvunjika mkono, na utulivu mtu anapokukaribia kwa hasira. Dhidi ya panga, au dhidi ya watu wanne barabarani usiku, mbinu ya kwanza ni kuwapa simu na mbinu ya pili ni kukimbia. Mwalimu anayekufundisha kumnyang'anya mtu panga kwa ustadi wa mikono mitupu, huku mwenzako akishika fimbo na kukusubiri umalize, anakufundisha mchezo wa kuigiza.

Sheria nayo ina neno lake. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema nguvu iliyotumika kujilinda au kulinda mali itapimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Kwa lugha ya nyumbani: lazima hatari iwe ya kweli au uwe na sababu ya kuamini ipo, na nguvu uliyotumia ilingane nayo. Mtu akikusukuma kwenye baa ukamwangusha, akiwa chini ukaendelea kumpiga mateke, kujilinda kumeisha pale alipoanguka. Kinachobaki ni shambulio. Kifungu cha 251 kina kifungo cha hadi miaka 5 kwa shambulio lenye kudhuru mwili, na kuumiza vibaya chini ya kifungu cha 234 kunaweza kukupeleka jela maisha. Fomu ya P3 itajazwa kwa majeraha ya mwenzako, na hadithi ya aliyeanza ugomvi utaieleza wewe mwenyewe mahakamani. Baada ya tukio lolote la kushambuliwa, piga ripoti kituoni mapema, chukua nambari ya OB na uende hospitalini hata kama unajiona mzima.

Nitaumia?

Ndiyo, kidogo, na mara kwa mara. Kazi ya klabu nzuri ni kuhakikisha unaumia misuli, si mifupa wala ubongo. Mambo mawili ujifunze kabla ya teke lolote.

La kwanza ni ngumi. Kunja vidole vinne hadi ncha zake ziguse kiganja, kisha weka kidole gumba nje, kikilala juu ya kidole cha shahada na cha kati. Usikifiche ndani, kitavunjika. Kiwiko, kifundo cha mkono na vifundo vya vidole viwe kwenye mstari mmoja, na ugonge kwa vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati. Anayegonga kwa upande wa kidole kidogo huvunja mfupa wa kiganja chini ya kidole hicho. Ni jeraha la kila siku la watu wanaopiga kuta na watu kwa hasira. Jaribu polepole kwenye pedi. Ukisikia kifundo cha mkono kinapinda, punguza nguvu na usahihishe kabla ya kuongeza kasi.

La pili ni kuanguka. Vuta kidevu kifuani ukitazama fundo la mkanda wako, ili kisogo kisifike chini. Mkono upige sakafu kwa kiganja na sehemu ya chini ya mkono pamoja, mbali kidogo na mwili. Usiunyooshe mkono kuizuia ardhi. Mikono mingi huvunjikia hapo. Anzia ukiwa umechuchumaa, juu ya mkeka au nyasi, kamwe si kwenye saruji. Ujuzi huu utakusaidia hata siku pikipiki itakapoteleza kwenye matope.

Kichwa kina kanuni yake. Aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu, akasahau mlolongo wa mazoezi au akaumwa kichwa, amemaliza siku hiyo, hata kama anaomba kurudi. Asiachwe peke yake saa zinazofuata. Akitapika, akizidi kuumwa kichwa, akichanganyikiwa, akipata degedege au akiwa mgumu kuamka, ni hospitali mara moja. Kumbuka Robert Wangila: alishinda dhahabu ya ndondi Seoul mwaka 1988, na Julai 1994 akafariki Las Vegas kwa jeraha la kichwa baada ya pambano. Nguvu na medali havikumwokoa.

Damu ikitoka, mazoezi yasimame, jeraha lifunikwe na sakafu ifutwe kwa dawa. Kanuni hii ni ya wote, bila kumtazama mtu usoni wala kuuliza hali yake ya afya. Kinga ya meno haiazimwi.

Kuna jambo moja la kwetu hasa. Ukanda wa ziwa una watu wengi wenye selimundu (sickle cell) na wengi zaidi waliobeba jeni yake bila kujua. Mazoezi makali kwenye jua bila maji yanaweza kuwa hatari kwao. Kama nyumbani kuna historia hiyo, pima, na umweleze mwalimu. Anayewanyima wanafunzi maji “ili wawe wagumu” hajui kazi yake.

Dini na kuinama

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa na wazazi. Kuinama mlangoni na mbele ya mwenzako ni salamu, kama vile kumpa mzee mkono huku umeshika kiwiko. Hakuna anayeabudiwa. Klabu ikiwa na picha ya mwanzilishi ukutani na dhamiri yako ikakusumbua, zungumza na mwalimu faraghani. Wengi watakuruhusu uiname kwa mwenzako tu.

Siku ya ibada ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Tangu misheni ya Gendia ianzishwe mwaka 1906 karibu na Kendu Bay, Waadventista wamekuwa wengi huku kwetu, na mitihani ya mikanda pamoja na mashindano mengi huwekwa Jumamosi, siku yao ya Sabato. Uliza siku ya kujiunga, si wiki ya mtihani. Mwalimu anayeheshimu wanafunzi wake atatafuta Jumapili, na Wakatoliki nao wapewe nafasi ya kutoka misa.

Binti yangu? Mtoto wangu? Mimi mwenyewe, na umri huu?

Binti aende. Mildred Alango aliiwakilisha Kenya katika taekwondo Beijing mwaka 2008. Faith Ogallo alifuzu kupitia mashindano ya Afrika mjini Rabat mwaka 2020, na alipofika Tokyo akakutana na Milica Mandić wa Serbia, ambaye ndiye aliyeondoka na dhahabu ya uzani wao. Zeddy Cherotich alicheza judo Paris mwaka 2024. Hapa Kenya wanawake hawajafungiwa mlango huu. Lakini mzazi, angalia mazingira: mazoezi yaishe kabla giza halijaingia, kwa kuwa huku jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kuwe na mahali salama pa kubadilisha nguo, mwalimu asibaki peke yake na mtoto wa mtu, wala asimtumie ujumbe wa usiku. Mwalimu mwema atafurahi ukiketi pembeni na kutazama.

Mtoto wa miaka sita au saba anaweza kuanza, mradi darasa liwe la michezo, kuanguka na nidhamu, si la kupigana vichwa. Akianza kuwapiga wenzake shuleni, mwambie mwalimu. Katika klabu nzuri hilo humnyima mtihani wa mkanda.

Nawe mwenye miaka arobaini na tumbo la chapati, njoo pia. Pima shinikizo la damu kwanza, sema wazi kuhusu goti lako bovu, na usishindane na vijana wa kidato cha nne. Teke lako likifika kiunoni linatosha.

Naweza kujifunza kwa simu?

Simu itakukumbusha kata uliyofundishwa jana na kukuonyesha mashindano ya dunia. Haitakuambia kwamba kisigino chako kimeinuka wala kwamba unaficha kidole gumba ndani ya ngumi. Zaidi ya hayo, haikupigi. Itumie kati ya siku za darasa: jirekodi ukifanya mwondoko mmoja, ulinganishe, kisha umwonyeshe mwalimu. Usiige mateke ya kuruka na kuvunja matofali uwanjani kwa mama yako. Yale ya video yamechaguliwa, na aliyevunjika mkono hakuwekwa.

Itanipa kazi?

Labda, lakini usiitegemee. Kampuni za ulinzi hutaka mtu aliyesajiliwa kufuatana na Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya mwaka 2016, mwenye cheti cha mafunzo na rekodi safi. Mkanda ni nyongeza tu. Kufundisha watoto shuleni ni kazi ya heshima kwa anayefika mbali, ingawa malipo yake si ya kutegemewa.

Kazi moja uikatae. Kila kampeni zikianza, na uchaguzi mkuu unaofuata ni wa Agosti 2027, wanasiasa hutafuta vijana wenye miili ya mazoezi wawe “walinzi” wa mikutano. Malipo ni ya siku moja, lakini picha yako ukimpiga mtu mawe au rungu hubaki kwenye simu za watu miaka mingi. Aliyekutuma hatakuja kukudhamini kituoni. Klabu inayokodisha wanafunzi wake kwa kazi hiyo imeacha kuwa klabu.

Basi wiki hii tafuta darasa moja, hata kama ni la mtindo usioupenda, uketi pembeni ulitazame kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiona mkubwa anampunguzia mdogo nguvu, na aliyegonga anaachiwa papo hapo, lipa ada ya mwezi mmoja uanze. Usipoona hayo, rudi nyumbani na pesa zako.